Nani Avue Kofia Kwanza

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama umeshalifungua, basi soma, maana najua macho ya binadamu yalivyo, ila usimwambie mtu hata neno moja. Usimwambie mwenzako wa nyumbani, usimwambie jirani yako kwenye treni, na zaidi ya wote usimwambie mtu yeyote wa kampuni ya bima ya shehena za meli iliyoko ghorofa ya nne karibu na bandari ya Kobe. Mimi ni karani huko, mwaka wa pili. Sijaiba wala sijamdhuru mtu. Siri yangu ni kwamba kila Jumapili huvaa suti ya vipande vitatu iliyokatwa kwa mtindo wa miaka ya thelathini, na kofia juu yake, na hujifunza adabu za watu waliokwisha kufa. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini cheka kimya kimya.

Juni 2, Jumatatu

Leo limeanza agizo la kiangazi. Mpaka mwisho wa Septemba hakuna tai wala koti, ili kiyoyozi kiwekwe nyuzi ishirini na nane na kampuni ionekane inaihurumia dunia. Wenzangu wamefurahi kama watoto waliofunga shule. Mimi nimekaa na kola wazi nikijiona kama kuku aliyenyonyolewa. Kila baada ya dakika kumi mkono ulipanda wenyewe shingoni kutafuta fundo lisilokuwapo.

Dada Hirono, anayekaa kushoto kwangu, akaniona. "Unajikaba au unajikuna?"

"Najikuna, dada."

"Basi jikune kwa raha, mdogo wangu. Tumefunguliwa minyororo." Akafungua kopo lake la nyama ya kaa, kama afanyavyo kila siku saa sita. Dada Hirono anapenda kaa kuliko anavyopenda watu, na hulisema hilo mbele ya watu wenyewe.

Mkuu wa idara yetu ni Bwana Utsumi. Meza yake iko dirishani, inatutazama sote. Ana miaka hamsini na mitano, hacheki, hapandishi sauti, na akikosoa hati huweka kidole juu ya kosa na kunyamaza mpaka ulione mwenyewe. Namwogopa kuliko tetemeko la ardhi, kwa sababu tetemeko lina mwisho.

Nieleze na habari ya mihuri, maana ndiyo kipimo cha ofisi yetu. Kila hati hupita kwa watu watatu, na kila mmoja huigonga muhuri wake mwekundu wa jina, mkubwa akiwa wa mwisho. Aliye mdogo huuinamisha wake kidogo kuelekea mahali pa mkubwa, ili hata jina lake lionekane linainama. Hakuna aliyeiandika sheria hii popote. Muhuri wangu huinama kuliko wote, kama mtu anayetafuta sarafu sakafuni. Wa Mkuu Utsumi husimama wima kama mlingoti.

Juni 4, Jumatano

Mawingu. Nimepiga viatu dawa mara mbili.

Juni 8, Jumapili

Redio imesema mvua za msimu zimeingia rasmi. Mbingu zilikuwa zimeshasema tangu alfajiri.

Nimepanda ngazi za nyuma ya Motomachi mpaka kwa Bi Sawae, fundi wangu. Duka lake lina upana wa mikeka miwili. Ana miaka sabini na moja, husema huku ana pini mdomoni, na hajawahi kuimeza hata moja. Baba yake alikuwa akiwashonea abiria wa meli kubwa, na yeye amerithi mkasi, meza, na daftari moja la ngozi ambamo mzee yule aliandika adabu zote alizoziona kwa wateja wake.

Suti yangu ilikuwa ya mhudumu mmoja wa meli, marehemu. Sufu ya kijivu yenye kivuli cha samawati, nzito, yenye mwanguko mzuri. Bi Sawae ameifumua yote na anaishona upya mwilini mwangu. Leo alipiga bandi mabegani.

"Simama kama mtu," akasema. "Umesimama kama anayengoja kipigo."

"Ndivyo ninavyosimama, Bi Sawae."

"Basi nitakushonea koti la mtu anayengoja kipigo, na ukija kusimama sawasawa litakubana. Chagua."

Nikasimama sawasawa. Akakata uzi.

Tadokoro alikuwapo, amekalia kibao mlangoni. Tadokoro hukaanga gyoza za nyama na kabichi kwenye kibanda cha mjomba wake, na siku ya Jumapili huvaa suti ya kitani yenye harufu ya kitunguu saumu. Ndiye rafiki yangu pekee wa mambo haya. "Msomee ya leo, Bi Sawae," akasema. "Mheshimiwa huyu hulala na adabu chini ya mto."

Bi Sawae akafungua daftari la baba yake: *Mtu mdogo akikutana na mkubwa njiani, asimlazimishe mkubwa kumtambua. Angoje. Mkubwa akigusa kofia yake, ndipo mdogo avue ya kwake.*

Nimeinakili hapa, nikaikariri njiani nikirudi. Inanifaa sana. Sheria inayoniambia ningoje naiweza.

Juni 11, Jumatano

Mvua. Kizibao changu cha mazoezi nimekivaa chumbani nikila wali. Kifungo cha mwisho hakifungwi, Bi Sawae amesema, hata nyumba ikiungua.

Juni 13, Ijumaa

Mvua. Nimekuta ukungu wa kijani kwenye kiatu cha kulia. Nimeupangusa kwa siki.

Juni 15, Jumapili

Lazima niandike haya kabla sijalala.

Saa nne asubuhi nilikuwa nikipanda zile ngazi, nimevaa kofia, kizibao na koti la zamani, mwavuli juu. Ngazi ni nyembamba. Mtu alikuwa akishuka. Nilifanya alivyonifundisha mama kabla sijajua kusoma: niliuinamisha mwavuli upande wa ukutani ili maji yangu yasimdondokee. Naye akauinamisha wake upande wa pili, vizuri kabisa, kama mtu aliyelelewa. Miavuli miwili ikafunguka kama mapazia, na katikati tukaonana.

Kofia ya kahawia yenye utepe mweusi. Tai ya hariri ya rangi ya mvinyo. Suti ya vipande vitatu, kifungo cha mwisho wazi. Na juu ya hayo yote, uso wa Mkuu Utsumi.

Tulisimama katikati ya hatua. Nikakumbuka sheria: mdogo angoje. Nikangoja. Macho yake yalitua kwenye kofia yangu, yakashuka kwenye kizibao, yakarudi. Mkono wake ulipanda kuelekea ukingo wa kofia. Nikajiandaa. Mkono ukasimama hewani, ukagusa miwani, ukashuka. Akapita. Nikabaki nimejibana ukutani kama tangazo la sarakasi.

Bi Sawae alinikuta mlangoni nimelowa upande mmoja. "Umekutana na nguruwe?" aliuliza, maana nguruwe mwitu wa mlimani hushuka hadi kwenye ngazi hizi wakati wa mvua.

"Nimekutana na mtu wa ofisini."

Mdomo wake ukafungwa kwa pini zake zote. "Mm," alisema. Hakuuliza ni nani.

Juni 16, Jumatatu

Mkuu Utsumi: shati jeupe, kola wazi, uso wa siku zote. Nilijaribu kuuona ule uso mwingine chini yake nikashindwa. Alasiri alikuja mpaka mezani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akatazama viatu vyangu.

"Msimu huu una ukungu, Minase."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ngozi huharibika upesi. Mtu anapaswa kujihadhari."

"Ndiyo, Mkuu."

Akasimama kidogo kama anayengoja kitu. Kisha akaenda.

"Alikuwa anataka nini?" Dada Hirono akauliza.

"Ameniambia nijihadhari."

"Lo," alisema, akaacha kula kaa. "Huyo hajawahi kumwonya mtu kwa mdomo."

Juni 18, Jumatano

Nimejua sasa cha kuogopa. Dada Hirono amesikia kwamba tawi la Kushiro, kule kaskazini kwenye barafu, linataka mtu mmoja kutoka idara yetu. Orodha ya uhamisho itabandikwa Julai 18, baada ya kugongwa mihuri Jumatatu ya wiki hiyo. Anayechagua jina ni Mkuu.

Nikihamishwa Kushiro hakuna Bi Sawae, hakuna ngazi, hakuna Jumapili. Hakuna mahali pengine nchi hii ambapo nimesimama sawasawa.

Juni 22, Jumapili

Tadokoro alinivuta kwenda kunywa kahawa kwenye mkahawa wa zamani wa pembeni mwa soko lenye paa. Nilimwambia sitaki. Akasema mtu hawezi kuvaa kofia kisha akajificha chini yake.

Tuliingia, tukakaa, nikafungua gazeti. Meza ya tatu kulikuwa na gazeti jingine, na juu yake kofia ya kahawia yenye utepe mweusi.

Nilingoja aiguse. Hakuigusa. Gazeti lake lilishuka kidogo, langu likapanda. Langu lilishuka, lake likapanda. Dakika arobaini. Nimesoma bei za mboga za mkoa mzima. Mwishowe alisimama, akaiweka sawa kofia kwa mikono miwili, akapita karibu na meza yetu polepole sana, kama treni inayoingia kituoni, akatoka.

Tadokoro alicheka mpaka akapaliwa na mkate wa siagi. "Mlikuwa kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Kwa nini hukumsalimu?"

"Yeye ndiye mkubwa. Sheria inasema ningoje."

"Na akikufukuza kazi utangoja vilevile?"

"Huoni kwamba hataki kunijua? Angetaka angegusa kofia."

Tadokoro akafuta machozi. "Ndugu yangu, mimi hukaanga gyoza. Najua kwamba ukingoja sana zinaungua."

Juni 25, Jumatano

Mvua. Mkuu ameniuliza kama ninapenda magazeti. Nimesema hapana. Amesema, "Naona." Sijalala vizuri.

Juni 27, Ijumaa

Mvua.

Juni 29, Jumapili

Sikutoka. Nimekaa chumbani nikisikiliza maji kwenye mabati ya jirani. Ukungu umehamia kiatu cha kushoto.

Nimemfikiria Mkuu kwa chuki, na chuki imenitoka nilipoifikiria tai ile ya rangi ya mvinyo. Fundo lake lilikuwa dogo na limekazwa kwa upendo. Mtu anayefunga fundo namna ile alisimama mbele ya kioo asubuhi akiwa na furaha. Kwa nini basi mtu mwenye furaha aniharibie yangu?

Julai 2, Jumatano

Mvua. Muhuri wangu umeinama leo mpaka jina halisomeki. Hati imerudishwa.

Julai 4, Ijumaa

Dada Hirono alinivuta kwenye chumba cha chai.

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Hakuna kiti."

"Basi shika sinki. Nimeiona rasimu mezani kwake. Kushiro: Minase. Kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa kalamu ya wino."

Nilishika sinki.

"Na huko," akaongeza, akitazama mbali, "kaa wanauzwa hai sokoni, wakubwa kama sahani. Watu wengine hawajui bahati zao." Kisha akaona uso wangu, akanipa nusu ya kopo lake. Hajawahi kumpa mtu nusu ya kopo lake.

Julai 6, Jumapili

Nitaandika yote, ingawa ni marefu.

Nilikwenda kwa Bi Sawae kumwambia aache kushona. Suti ilikuwa imesimama juu ya kiunzi, mikono imeshaunganishwa, bitana ya rangi ya moshi ndani. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kilichokusudiwa mimi. Nikamwambia naondoka, na nani aliyenitia kwenye orodha, na kwa nini: kwa sababu Mkuu wangu ameniona kwenye ngazi na anaona haya kuwa na karani kama mimi.

Bi Sawae alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye mto wake. Zilikuwa saba. Nikajua jambo zito linakuja, maana hajawahi kusema na mimi akiwa hana pini.

"Fundi huyajua matumbo ya watu na mifuko yao, na hasemi," alianza. "Baba hakuwahi kumtaja mteja kwa mteja. Mimi pia, miaka arobaini na nane. Leo navunja. Mkuu wako ni mteja wangu wa Jumatano tangu kabla hujazaliwa."

Niligeuka nikazitazama zile ngazi nje.

"Wiki tatu zilizopita alikuja hapa kama kijana aliyepata barua ya mapenzi. 'Bi Sawae,' anasema, 'karani wangu mmoja anavaa kofia. Anaivaa vizuri.' Nikamwambia, basi msalimu. Anasema, 'Nangoja anisalimu. Yeye ndiye mdogo, nikianza mimi itakuwa kama nimemwamrisha.' Wiki iliyofuata akaja amenyong'onyea. Amekwenda mpaka mezani kwako, amekutajia viatu, umejibu ndiyo Mkuu, ndiyo Mkuu. Akakaa mkahawani dakika arobaini akingoja salamu, ukajifunika gazeti."

"Yeye ndiye aliyejifunika."

"Juzi Jumatano alikuja mara ya mwisho. Akasema, 'Kijana yule akiniona huwa kama aliyekanyaga nyoka. Namharibia Jumapili zake. Ni haki yake kuvaa bila kutazamwa na mkuu wake. Nitampeleka mbali, mahali ambapo hatakutana nami.' Amekuchagulia Kushiro kwa ajili ya baridi yake, kijana, ili sufu yako ivalike mwaka mzima. Amefanya hivyo kwa adabu."

Nilikaa kwenye kibao cha Tadokoro.

"Lakini daftari la baba yako," nikasema. "Mdogo angoje."

"Baba aliandika adabu za watu wa meli. Mkuu wako anafuata ulizofundishwa na mama yako, kwamba mdogo ndiye huanza kusalimu, tangu lango la shule ya chekechea. Ofisini si wewe unayemsalimu kwanza kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na ukivaa kofia unakuwa Mwingereza. Naye angejuaje kwamba umehama?" Akaokota pini ya kwanza. "Wapumbavu wawili wenye adabu. Nimewashonea mabega bure."

Nilitaka kukimbia nikamtafute papo hapo. Akanizuia. Nikimwambia ofisini nitakuwa karani anayeomba asihamishwe, naye atajibu kama mkuu, kwa kidole juu ya hati. Lazima iwe barabarani, kofia kwa kofia. Jumapili moja tu imebaki kabla ya mihuri.

"Na utavaa hii," akasema, akiigusa suti. "Itakuwa tayari Jumamosi, hata nikishona kwa meno."

Julai 7, Jumatatu

Nimemsalimu Mkuu kwanza, kama kila asubuhi. Amejibu kama kila asubuhi. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Julai 8, Jumanne

Mvua. Bi Sawae ametundika dirishani mwanasesere wa kuomba jua, kama watoto wafanyavyo. Wa kwake ameshonwa kwa mabaki ya sufu yangu na amefungwa tai.

Julai 9, Jumatano

Mkuu ametoka ofisini saa kumi na moja kamili, kama kila Jumatano. Sasa najua aendako. Nimetazama mgongo wake mpaka lifti ikafungwa. Shati la ofisi halimkai hata kidogo.

Julai 10, Alhamisi

Mvua.

Julai 12, Jumamosi

Suti imekwisha. Nilijitazama kwenye kioo cha Bi Sawae. Bega la kushoto, ambalo tangu shule limekuwa chini kuliko la kulia, liko sawa. "Nimeweka pamba," alisema, kisha akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Mwanasesere hajafanya kazi. Kesho mvua kubwa.

Julai 13, Jumapili

Saa tatu na nusu nilikuwa kwenye ngazi. Maji yalishuka kutoka mlimani kama mto, na nguruwe mmoja mkubwa alipita chini yangu na watoto wake watatu, akanitazama, akaona sina maana. Nilingoja mpaka saa tano na nusu. Mkuu hakuja. Nani angetoka siku kama ile, na hariri shingoni?

Tadokoro alinikuta hapo amevua viatu, suruali ya kitani imekunjwa magotini. Alikuwa amekimbia kutoka kibandani.

"Yuko sokoni, chini ya paa," alisema huku akihema. "Dirisha la muuza kofia. Kasimama pale nusu saa kama aliyewekwa dukani. Nenda, mheshimiwa, kabla hajanunua."

Nikashuka. Sikukimbia, kwa sababu suti ile haikimbii. Lakini nilitembea kwa namna ambayo watu walinipisha.

Alikuwa pale, amegeukia kioo, mikono nyuma. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Akaniona ndani ya kioo. Niliona anavyojiandaa kunifanyia hisani ya kutoniona, anaanza kugeuka upande wa pili.

Nikavua kofia.

Sikukumbuka kwamba nilikuwa nimesimama mvuani kwa saa mbili. Ukingo wa kofia ulikuwa umejaa maji kama bakuli, na yote yakamwagika juu ya viatu vya Mkuu Utsumi.

Watu wawili walisimama kutazama. Nilikuwa nimeshaivua, sikuweza kurudi nyuma, nikainama. "Habari za asubuhi, Mkuu," nikasema kuiambia sakafu. "Samahani kwa kuchelewa. Nimechelewa wiki nne."

Nikayaona maji yakitiririka kwenye viatu vile vya kahawia vilivyong'arishwa kama mgongo wa fidla. Kisha nikaona kofia ya kahawia ikishuka mpaka usawa wa goti lake, mkononi. Nikainua macho. Alikuwa ameinama, naye, chini kama nilivyoinama mimi.

"Nilidhani unaona haya kunijua," alisema.

"Nami nilidhani wewe unaona haya kunijua, Mkuu. Nilikuwa nangoja uguse kofia. Imeandikwa kwenye daftari la baba yake Bi Sawae."

Akafikiri. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona ofisini, kikaanzia kwenye masikio. "Ukurasa wa kumi na mbili," akasema. "Nilisoma nikiwa na umri wako. Nikasahau kwamba sasa mkubwa ni mimi."

Akacheka. Kicheko chake ni chembamba, kama mlango wa kabati la zamani. Kisha akarudi kuwa Mkuu: akanyoosha kidole, akakiweka hewani mbele ya tumbo langu, akanyamaza.

Nikatazama. Kwa hofu ya asubuhi nilikuwa nimefunga kifungo cha mwisho.

Nikakifungua mbele yake. "Hata nyumba ikiungua," alisema, na nikajua amefundishwa na mtu yuleyule.

Tulikula kwenye kibanda cha Tadokoro, kofia zetu zimetundikwa juu ya mapipa ya mafuta. Tadokoro alimwita "mzee wangu" tangu sahani ya kwanza, nami nikatamani kujificha chini ya benchi, lakini Mkuu aliomba sahani ya pili. Aliniuliza jambo moja tu la ofisini.

"Kushiro kuna baridi nzuri. Sufu nzito, hata mwezi Juni. Unataka kwenda?"

"Sitaki, Mkuu. Nataka kukaa hapa."

"Hati bado sijaigonga," alisema, akachovya gyoza. "Lakini lazima aende mtu. Je, unamjua mtu anayependa baridi?"

Nilifikiri. "Baridi sijui, Mkuu. Lakini namjua anayependa kaa."

Julai 14, Jumatatu

Dada Hirono ameitwa mezani kwa Mkuu. Amerudi, akanipiga begani, lile la pamba, lakini pamba ilikuwa nyumbani. "Wakubwa kama sahani," alisema. "Hai. Ameniuliza kama ningependa. Mimi, kuulizwa kama ningependa." Alasiri nzima alikuwa akipiga mluzi.

Julai 16, Jumatano

Hati ya kawaida ya shehena ya chai imerudi mezani kwangu ikiwa na mihuri yote mitatu. Niliitazama mara mbili. Wangu umeinama kidogo, kwa kiasi cha heshima, jina linasomeka. Wa Dada Hirono umeinama kama wa mtu aliyekwisha panda meli. Na wa Mkuu Utsumi, ambao miaka yote umesimama wima, umeinama upande wa pili, kuelekea wangu. Kidogo sana. Mtu asiyejua angesema mkono umeteleza.

Mkono wa Mkuu hautelezi. Nimeomba nakala ya hati ile kwa ajili ya kumbukumbu.

Julai 18, Ijumaa

Orodha imebandikwa. Kushiro: Hirono. Ameipiga picha.

Julai 20, Jumapili

Redio imesema mvua za msimu zimekwisha. Nyenze wameanza kulia mlimani wote kwa pamoja.

Tumetembea watatu chini ya jua, Mkuu, Tadokoro na mimi, kutoka ngazi za Bi Sawae mpaka gatini. Bi Sawae alitutazama kutoka dirishani, mwanasesere wake kando yake, pini mdomoni. Sufu katika joto hili ni wazimu. Tulitokwa jasho kama farasi na hakuna aliyelegeza tai. Kijana mmoja aliyevaa fulana alituona, akasimama, akatutazama mpaka tukapita. Nilimjua mara moja, ingawa sijawahi kumwona. Alikuwa amesimama kama anayengoja kipigo.

Sikumsalimu. Nilipogeuka alikuwa ameshakwenda. Nimeshinda na jambo hilo moyoni, na ndiyo sababu nimeamua kuliacha daftari hili kwa makusudi, kwenye rafu ya magazeti ya ule mkahawa. Nimemwomba ruhusa Mkuu. Amekubali, akasema siri ya ukurasa wa kwanza ibaki siri kwa watu wa ghorofa ya nne, angalau mpaka Oktoba, tai zitakaporudi.

Kwa hiyo, wewe unayesoma. Njoo Jumapili yoyote saa nne asubuhi, kwenye ngazi za nyuma ya Motomachi, zile zenye maua ya bluu ukutani, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Kama huna kofia, njoo kichwa wazi. Kama una kizibao, acha kifungo cha mwisho. Kama unaogopa, simama tu pale chini na ujifanye unafunga kamba za viatu, nami nitajua. Utamwona mtu mwembamba anashuka, suti ya kijivu yenye kivuli cha samawati, mabega sawasawa.

Usijisumbue kufikiri nani mkubwa na nani mdogo. Usingoje. Nitavua kofia kwanza.